Mbuzi Hapelekwi Mara Mbili

Siku Octave alipoingia dukani kwa Aziza, alikuja kununua kitu ambacho Aziza hakuwa amekipangia bei. Duka liko kwenye njia inayotelemka kutoka soko la mji wa Kasongo. Mbele ni sabuni, chumvi na betri. Kando kuna mashine ya fotokopi na kompyuta wanazochapia wanafunzi kazi zao za mwisho wa masomo. Nyuma kabisa inanguruma frigo, jokofu la samaki wa mto Lualaba. Juu ya bati kuna paneli za jua, alizozinunua moja moja kwa miaka, na sahani ndogo ya intaneti ya setilaiti. Kijana hakutaka chochote kilichokuwa mezani. Alitaka tundu moja la umeme, intaneti kidogo na mahali pa kukaa, kila siku.

Aziza alimtazama viatu kwanza. Ndivyo anavyomtazama kila mteja, kwa sababu uso unajua kudanganya na kiatu hakijui. Viatu vilikuwa vimeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine, lakini vimeoshwa. Hana kitu, akasema moyoni, ila si mvivu.

"Unauzisha nini?"

"Siuzishe kitu, Mama."

"Basi utanilipa na nini?"

Kijana akaonyesha kwa kidevu mashine ya fotokopi. Ilikuwa inatoa karatasi zenye mstari mweusi katikati, na Aziza alikuwa amewazoeza wateja kuamini kwamba mstari ule ndio alama ya duka. Octave akaomba kitambaa kikavu, akafungua mashine, akafuta, akafunga. Karatasi iliyofuata ilitoka safi. Aziza hakumsifu, maana anayesifu mali kabla ya kuinunua amejipandishia bei mwenyewe. Akamwambia masharti: yeye atatunza mashine zote, na badala yake atapata tundu la umeme na kiti kando ya frigo.

"Lakini jua ikipunguka," akaongeza, "frigo iko ya kwanza, wewe uko wa mwisho. Samaki ikioza nimepoteza. Wewe hauoze."

Octave akasema sawa. Hakujaribu hata kidogo kupatana. Jambo hilo halikumpendeza Aziza, yeye aliyeanza na kopo moja la chumvi akiuza kwa vijiko, kwa sababu anajua kwamba mtu asiyepatana bei ni mtu aliyezoea kunyimwa.

Kwa muda alidhani ameingiza mwizi wa mtandao. Kijana alikuwa akiandika herufi nyeupe kwenye kioo cheusi kutwa nzima, hacheki, haongei, chai inapoa pembeni. Mwishowe akamwuliza waziwazi, kwa sababu polisi wakija watakuja kwa mwenye duka. Octave akamweleza taratibu, kama anayeogopa kumchosha.

Ndani ya kila kompyuta, alisema, kuna mkubwa wa nyumba. Katika kompyuta nyingi mkubwa huyo anafanya kila kitu mwenyewe: anatunza diski, anaongea na printa, anashika mtandao. Akiteleza mahali pamoja, nyumba yote inaanguka naye. Sasa kuna watu, wametawanyika nchi mbalimbali, wanaojenga mfumo ambao mkubwa wake ni mdogo kabisa. Kazi yake ni kupitisha ujumbe na kugawa zamu tu. Diski ina mtumishi wake katika chumba chake, kioo kina wake, mtandao una wake. Mmoja akianguka anainuliwa peke yake, wengine wanaendelea.

"Muzuri," Aziza alisema. "Na wewe unaingilia wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Programu za zamani hazijui vyumba hivyo. Zimeandikwa kwa lugha inayoitwa C, na zimezoea kusema maneno yale yale, fungua, soma, andika, zikidhani mkubwa atajibu. Lazima awepo anayesimama katikati: alipokee neno kama lilivyo, ajue ni la chumba gani, alipeleke, alete jibu, na programu isijue kwamba kuna kilichobadilika. Mkusanyo wa maneno hayo unaitwa maktaba ya C. Wenzake wengi waliikimbia kazi hiyo, kwa sababu ikienda vizuri hakuna anayeiona. Octave akaichukua.

"Basi wewe unatengeneza washenga," Aziza akasema.

Octave akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aingie mle. "Njo vile, Mama. Washenga."

Aziza akauliza nani anamlipa, akajibiwa hakuna. Kazi isiyo na malipo kwake ni ugonjwa. Lakini alikuwa ameona wagonjwa wabaya zaidi, wanaume wazima wakitoka machimbo ya Salamabila na vumbi la dhahabu mfukoni na kulimaliza kabla ya kufika nyumbani. Tangu siku hiyo sahani ya wali na samaki ikawa inatua kando ya kompyuta. Aziza alisema ni ya kubaki. Nyumbani kwa Aziza hakijawahi kubaki chakula.

Mfumo ulipoanza kusimama, Octave aliuweka kwenye kompyuta moja ya duka. Ukaenda vizuri, mpaka siku moja Aziza alipohamisha umeme kutoka paneli kwenda jenereta aliyoiazima. Diski ilikuwa kwenye waya wake peke yake, ikakatika kwa kupepesa jicho. Mtumishi wa diski akaanguka, akainuliwa, kama ilivyoahidiwa. Lakini kioo cha mwanafunzi aliyekuwa akichapa kikaganda vilevile, na ukurasa wake ukapotea.

Octave hakuhitaji kutafuta mbali. Mshenga alikuwa bado amesimama kwenye mlango wa mtu aliyekufa.

"Ni mimi nilimufundisha kungojea," akasema. "Kwetu Kabambare mushenga haondoke mulangoni bila jibu. Ni haya kubwa. Niliandika vile bila kufikiri."

Alirekebisha, akawapelekea wenzake wa mbali. Wakamjibu kwa adabu kwamba hapana. Programu za zamani hazikuzoea kuletewa habari kwamba nyumba imefungwa, zitababaika, na kwao huko diski haikatiki ovyo. Octave akawashukuru. Akafunga betri kuukuu kati ya waya na diski, akaliacha jambo hapo.

Sababu ya Octave kurudi Maniema baada ya masomo haikuwa umeme wa Aziza. Ilikuwa Elsa, mwalimu wa shule ya msingi kule Kabambare, waliyesoma naye. Wakati wa likizo Elsa alikuwa akija Kasongo, anakaa juu ya gunia la chumvi huku Octave akiandika, na Aziza aligundua kwamba siku hizo chai haipoi. Lakini baba yake Elsa, mzee Dominique, mkulima wa mpunga na karanga, alikuwa ameshatamka kwamba hatoi mtoto kwa mtu ambaye kazi yake haionekani. Magloire, mjomba wa Octave, alikwenda kuposa akitokea Salamabila. Akaongea dhahabu tangu kuku yuko hai mpaka amekuwa mifupa, akarudishwa. Na nyumba ile ilikuwa na desturi yake: mshenga wa pili akirudishwa, hakuna wa tatu.

Octave hakuwa na baba. Akamwomba Aziza aende yeye.

"Na mimi napata nini?"

Kijana akatazama mashine ya fotokopi, lakini deni hilo alikuwa ameshalilipa. Aziza akamsaidia. Alitaka kompyuta za duka lake zisigande tena na kazi ya mteja, betri au bila betri. Octave akasema hilo haliko mikononi mwake, liko kwa wale wa mbali. Mwingine angeambiwa arudi siku atakapokuwa na la kutoa. Aziza akatazama vile viatu, akamwita Pitchou wa pikipiki, akapatana naye safari ya Kabambare.

Njia ilikuwa matope na madaraja ya magogo. Walipofika, aliomba maji anawe miguu kabla ya kusalimia, maana mshenga mchafu ameanza na hasara. Dominique alikuwa uani akimenya karanga. Walifahamiana tangu zamani. Kuna mwaka Aziza alinunua mpunga wake wote kabla haujaiva, na mzee hakuusahau.

"Kumbe ni wewe," Dominique alisema. "Wanaume waliisha huko Kasongo?"

"Wanaume walikuja, wakakula kuku yako, wakarudi. Mimi sikulake sana, Papa Dominique."

Mzee akasogeza kigoda. Akamwuliza habari za soko, za mvua, za bei ya karanga, na Aziza akajibu zote isipokuwa ya karanga. Kisha likaja swali lenyewe: huyu kijana, akiamka asubuhi, anafanya nini?

Njia nzima Aziza alikuwa amelipanga jibu, na vyumba vyake na mkubwa wake mdogo. Akaliacha lote. "Anatengeneza washenga," akasema, akaeleza kama alivyoelezwa.

Mikono ya Dominique ikasimama juu ya karanga. Aziza akakumbuka, kwa kuchelewa, anaongea na nani. Nusu ya ndoa za pande zile zilipita kwa mdomo wa mzee huyu. Hakuna mshenga aliyetafutwa kuliko yeye.

"Mushenga wake," Dominique akauliza, sasa kwa sauti ya fundi kwa fundi, "akifika akute mwenye kujibu amekufa, anafanya nini?"

Aziza alikuwa ameshadanganya kuhusu vitambaa, mpunga na uzito wa chumvi, na analala vizuri. Lakini mshenga hana gunia wala mizani. Mali yake ni mdomo, na mdomo ukikutwa umeoza mara moja haununuliwi tena.

"Anangojea."

"Mpaka lini?"

"Mpaka leo angali pale."

Dominique akacheka mpaka ganda la karanga likamkwama kooni. Alipopata pumzi akasema kwamba yeye mwenyewe katika ujana wake alifika kwenye nyumba yenye msiba, akakaa kigodani, kwa sababu ni haya kuondoka bila jibu. Bibi mmoja akatoka akamwambia, nyumba haina mdomo leo. Akaenda na neno hilo kwa waliomtuma, nao wakajua la kufanya.

"Mwenye kurudi na 'hakuna mutu' amefanya kazi. Mwenye kubaki pale ni mti," akasema. "Simukubali, simukatae. Atengeneze mushenga wake kwanza. Halafu mukuje naye, nione na macho yangu."

Elsa akamsindikiza Aziza hadi kwenye pikipiki na mfuko wa karanga za kukaanga. Alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. "Mama, usihuzunike," akamwambia. "Baba haulizake swali kwa mutu mwenye yeye hamutaki."

Kule Kasongo, Octave alisikiliza habari yote ameinamisha kichwa.

"Nilishaandika ile, Mama. Walikataa."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Aziza akakaa juu ya gunia la chumvi, mahali pa Elsa. "Mara moja haiko kukataa, mutoto yangu. Mara moja ni kufungua bei."

Akamfundisha kama ambavyo yeye hakufundishwa na mtu. Usiwaombe. Anayeomba ameshasema hana nguvu. Waonyeshe hasara kwa macho yao, halafu uliza wanaogopa nini, kwa sababu bei ya mtu imekaa ndani ya woga wake. Basi Octave akaandika upya: diski ikikatika, hivi ndivyo inavyokuwa, jaribuni wenyewe, chomoeni waya. Wakachomoa. Wakaona, lakini wakarudia hofu yao ya programu za zamani.

"Wape hiyo woga yao," Aziza akasema. "Mushenga asikimbilie kurudi na habari mubaya. Wakimuinua yule wa diski, abishe mulango mupya, aulize tena. Programu isijue hata kidogo."

Octave akakubali kwa kichwa, halafu akakataa. "Si kila neno, Mama. Neno ya kuuliza, sawa, anaweza kurudilia. Lakini neno ya kutoa? Programu imetoa kitu kiandikwe, mwenye kupokea akaanguka. Hatujue kama alishapokea. Mushenga akirudilia, pengine tumetoa mara mbili."

Aziza hakuhitaji kuelezwa zaidi. "Mbuzi hapelekwe mara mbili."

"Njo vile."

"Basi kwa mbuzi arudi aseme kweli: nilifika mulangoni, sijue kama walipokea, tuangalie. Na mwenye kupenda kungojea kama zamani, mumuachie angojee. Wape na hiyo. Haikugharimu kitu."

Hayo wakayaandika. Mabishano yakachukua masika yote. Kuna mmoja kule mbali, mkali lakini wa haki, aliyetaka kila neno la maktaba lipimwe peke yake: lipi ni la kuuliza, lipi ni la kutoa, lipi ni vyote viwili. Octave akayapitia moja moja. Aziza, akihesabia wateja betri, alikuwa akimsikia nyuma ya frigo akijisemea: hii ni swali, hii ni swali, hii ni mbuzi. Siku za mawingu, frigo ilipomaliza umeme, Octave aliendelea kwa kalamu. Na siku jibu la kukubali lilipokuja hakupiga kelele. Alikuja mbele, akasimama kando ya mizani, hajui mikono aiweke wapi. Aziza akampa gunia abebe.

Walikwenda Kabambare na kompyuta ndogo, diski na betri, vimefungwa kwenye kitenge cha Aziza. Dominique hakutaka kuonyeshwa tu. Alitaka kutuma mwenyewe. Akaketi, akamwambia Octave aandike anayoyasema, akataja mahari: mbuzi, vitambaa, jembe la mama mkwe. Octave akaandika bila kuinua macho. Alipobonyeza ili yaende kwenye diski, mzee akachomoa waya.

Elsa alikuwa amesimama mlangoni na unga mikononi. Kioo hakikuganda. Kikaandika: imefika mlangoni, haijulikani kama imepokelewa. Octave akarudisha waya, akaomba kuangalia, na mahari ikaonekana pale, yote, mara moja tu.

Dominique aliisoma polepole hadi mwisho. "Ingeandikwa mara mbili," akasema, "mimi ningenyamaza."

Elsa akarudi jikoni haraka, na wote wakasikia kwamba anacheka na kulia pamoja.

Kisha mzee akaweka sharti la mwisho, akimgeukia Aziza kama inavyopasa. Elsa ana darasa lake hapa. Nyumba iwe hapa Kabambare.

Aziza akajua papo hapo anachopoteza. Mashine ya fotokopi ikaanza kumchorea mstari mweusi kichwani. Maneno ya kupunguza sharti lile alikuwa nayo, mazuri, yamepangwa mdomoni. Lakini mshenga habebi mzigo wake mwenyewe ndani ya mzigo wa aliyemtuma. Akamtazama Octave, naye alikuwa anatazama mlango wa jikoni.

"Tumekubali," Aziza akasema.

Hivyo kila mmoja akapata chake. Dominique alipata mkwe ambaye kazi yake aliiona kwa macho, ingawa tangu siku hiyo anawaambia watu kwamba ni yeye aliyeitengeneza. Elsa na Octave walipata nyumba ya vyumba viwili nyuma ya shule. Wale wa mbali walipata maktaba isiyoganda. Kompyuta za Aziza hazipotezi tena kazi ya mteja, na wanafunzi wanakuja kutoka mitaa ya mbali kwa sababu hiyo. Octave alipoteza umeme na intaneti, kwani kule simu yenyewe inatafutiwa mtandao juu ya kilima. Tundu la kando ya frigo likabaki wazi. Watu wengi waliliomba wachajie simu, na Aziza akawa anasema limeharibika.

Baada ya miezi, asubuhi ya mawingu mazito, Pitchou alisimama mbele ya duka na abiria aliyejaa matope hadi magotini. Octave akaomba maji anawe kabla ya kusalimia. Alikuwa na kazi ya msimu mzima ya kupeleka kwa wenzake. Aziza akatazama viatu vyake: vipya, visivyo vya bei, vimechaguliwa na mwanamke. Akapanga sabuni ambayo ilikuwa imeshapangwa.

"Masharti ni yale yale," akasema. "Leo jua haiko. Na frigo imejaa samaki ya jana."

Octave hakusema sawa. Akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa mizani, akamtazama.

"Mama Aziza, unaogopa nini?"

Aziza akamtazama mwanafunzi wake huyu mmoja, aliyeanza biashara kwa kumshika mwalimu.

"Naogopa samaki kuoza," akajibu. Akaenda nyuma, akachomoa waya wa frigo, akauacha unaning'inia, umeme wote ukabaki kwa lile tundu la kando yake. Halafu akatoka na ungo wa samaki kichwani akawauze sokoni kwa bei ya hasara, kabla joto halijapanda.